Sifuri Iko Sakafuni

Jumamosi, Temeke. Mvua ya asubuhi imekata, jua limerudi na hasira zake, na nina furaha ambayo siwezi kuificha hata nikijaribu.

Leo ilikuwa siku ya Mama Salha.

Mama Salha ana duka la samani Keko, alilorithi kwa baba yake. Ndiye wa kwanza kukubali kuijaribu programu tuliyoiandika mimi na mwenzangu Denis: mteja anachagua vipimo kwenye skrini, kabati analolitaka linajichora mbele ya macho yake, kisha fundi anapewa mchoro. Akiikubali, tunaendelea. Akiikataa, Jumatatu naanza ukarani Kurasini, kwenye ofisi ya rafiki wa baba anayetoa mizigo bandarini. Nilimwomba baba anisubiri hadi jioni ya leo.

Sina ugomvi na ukarani. Ila si wangu.

Lugha ya programu nayo ina desturi zake. Ukiiambia ichore, inapima kuanzia kona ya juu kushoto, na namba zikiongezeka mchoro unashuka. Denis anaiheshimu desturi hiyo kama mwanakwaya na noti zake. Mimi niliikataa tangu mwanzo. Mteja wa Keko hataji futi, anainua mkono na kusema, "Hadi hapa." Mkono huo unapima kutoka sakafuni. Basi fanksheni zangu zote, yaani vile vipande vya programu vinavyochora, sifuri yake niliiweka sakafuni. Kitelezi cha kimo, yaani kile kitufe cha kuburuta kwenye skrini, nikakisimamisha, cha upana nikakilaza. Ukipandisha, kabati linapanda. Nani atahitaji maelekezo hapo?

"Dunia nzima inaanzia juu, sista," Denis aliniambia.

Nikamjibu kwamba dunia nzima haiuzi makabati. Tukacheka, nikadhani tumeelewana.

Hatukuelewana.

Mimi niliandika fanksheni ya kabati, yeye ya droo, kila mtu na sifuri yake, yangu sakafuni, yake juu. Tulipoziunganisha tukajaribu kabati fupi lililojaa droo toka juu hadi chini, na kwa kabati kama hilo kosa haliwezi kuonekana. Leo, mbele ya Mama Salha na mafundi wake, nikapandisha kitelezi. Kabati likarefuka vizuri, na droo zote zikabanana kule juu, karibu na dari.

Mama Salha alivua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, hizo droo anafungua nani? Twiga?"

Mafundi wakaangua kicheko. Denis akaangalia viatu vyake. Nami, nisidanganye, niliogopa. Niliiona kabisa ile meza ya Kurasini na mhuri wake. Lakini hofu haikukaa, kwa sababu nilijua palipoharibika.

"Mama, kunywa kahawa kidogo, mie narekebisha hapa hapa."

Nikakaa juu ya kitanda cha kuuza, godoro bado lina nailoni, laptopu mapajani. Sikutaka kutia kiraka kwenye droo tu. Niliandika fanksheni moja inayopokea kila kipimo kutoka sakafuni na kukigeuza kwa ajili ya skrini, nikaamuru nyingine zote zipite humo. Mistari ya droo iliyoanzia juu, Denis aliifuta mwenyewe.

"Haya, sakafuni," alisema. Kwa Denis huko ni kuomba msamaha kabisa.

Mama Salha hakunipa nafasi ya kuonyesha. Alishika kipanya mwenyewe. Akapandisha, kabati likapanda, droo zikabaki chini. Akashusha. Akapandisha tena. Nilitamani kumshika bega nimuulize.

Hapo akaingia mteja, mwalimu mmoja wa hapo jirani. Akasalimia, akainua mkono juu kidogo ya kichwa chake.

"Nataka kabati la hadi hapa."

Mama Salha hakunitazama hata kidogo. Alimvutia kiti, akamgeuzia skrini.

"Njoo, mwalimu. Siku hizi hapa kwangu mteja anapandisha mwenyewe."

Hapa kwangu! Ilibidi nitoke nje nikacheke.

Jioni hii nimempigia baba. Nimempa shikamoo, kisha nikamwomba amshukuru rafiki yake na kumwambia kiti kile ampe mwingine.

"Una hakika, mama?"

Anapokuwa na wasiwasi nami huniita hivyo.

"Ninayo, baba."

Jumatatu naenda Keko.