Pale Ninapotoa Kijiwe

Ikombe, 11 Juni 1911

Tuntufye,

Umemzika nani? Nauliza, maana Raphaeli amerudi na mtumbwi wake kutoka huko Mwaya akasema kila jioni unapiga ngoma ya msiba kwenye uwanja wa gati, na wenyewe mnaiita hivyo bila aibu. Maiti yuko wapi? Hata kuku hajafa! Ngoma ile ni ya kuwalilia watu. Ukiipiga bure unaita nini? Au akili umeisahau kwenye magunia ya watu?

Haya, ugonile. Salamu imechelewa kwa sababu ya hasira. Mimi mzima, mgongo tu. Vyungu vimetoka motoni vizuri. Wewe kifua kimepona?

Nilikupeleka Mwaya ujifunze useremala, si kurukaruka na mahamali walevi. Tena naambiwa anayecheza mbele ni Anyosisye, yule aliyeiba kitambaa dukani akakamatwa amelala nacho mtaroni. Huyo ndiye mwenzako? Nijibu, na usinidanganye. Raphaeli ana macho.

Bibi yako,
Angetile


Mwaya, 18 Juni 1911

Bibi yangu mpendwa,

Ndaga, bibi. Salamu zako zimefika na hasira zako zimefika, hakuna iliyoanguka majini. Kifua kimepona. Pole na mgongo.

Useremala sijauacha. Mchana nashika randa, jioni nashika ngoma. Vijana wa gati wametoka kila upande, Wakinga, Wangonde, Wasafwa, wengine hawajui hata kusalimiana. Meli isipokuja wanashinda kilabuni, na huko ni kupigana. Mwezi wa pili mmoja alichomwa kisu akafa. Askari wakamzika. Hakuna aliyelia, bibi. Hata jina la mama yake hatukulijua.

Jioni ile nikachukua ngoma nikapiga mpigo wa msiba wa kwetu Ukisi. Naukumbuka tangu mdogo, niko mgongoni mwako, nawe unalia. Wakaja mmoja mmoja. Katikati ngoma hunyamaza kidogo, nasi tunasimama mguu mmoja juu kuwakumbuka wasio na wa kuwalilia. Sasa, mlevi hawezi kusimama mguu mmoja. Anyosisye siku ya kwanza alianguka kama gunia, watu wakamcheka. Kesho yake akaja mkavu kabisa, hana hata tone la pombe. Siku hizi ndiye anayewafundisha wageni, na anayenuka pombe anarudishwa.

Lakini mji unasema kama wewe, kwamba tunaita kifo. Mtoto wa mwenye duka aliugua homa, tukasingiziwa sisi. Jumbe ametuita barazani Jumamosi, tarehe mosi Julai. Akiipiga marufuku ngoma, najua jioni hiyohiyo vijana watakwenda wapi. Tuombee.

Mjukuu wako,
Tuntufye


Ikombe, 25 Juni 1911

Mume wangu mjinga,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Nilimwambia Raphaeli, hebu nipigie huo mpigo wao. Akapiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia: ti, ti, ti-ti, kimya, ti. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Tuntufye! Msiba gani huo? Huyo ni mimi! Ni mchi wangu ninapotwanga udongo wa vyungu, na wewe mgongoni unanitolea udenda shingoni. Na hapo mnapoinua mguu, mimi nimeinama natoa kijiwe, kwa sababu kikibaki chungu kitapasuka motoni. Nikishakitupa, naendelea. Na uliposema nilikuwa nalia, lile lilikuwa jasho.

Usimwambie mtu. Mkisema ninyi, wataona mnajitetea. Nakuja na mtumbwi wa vyungu. Nipikie ndizi na samaki, mbasa, na usiweke chumvi kama mwaka jana.

Bibi yako,
Angetile


Mwaya, 5 Julai 1911

Bibi,

Mlifika salama? Ziwa halikuwasumbua? Huku hakuna maongezi mengine ila wewe. Ulipomwaga udongo mbele ya jumbe ukaanza kuutwanga bila hata kuomba ruhusa, nilijua tunafungwa sote. Ulipoinama kutoa kijiwe, na Anyosisye na wenzake wakasimama mguu juu bila kuambiwa, wanawake waliokuja kununua vyungu wakapiga vigelegele. Jumbe alivyouliza, "Sasa hapa amekufa nani?" nawe ukamjibu, "Mgongo wangu, jumbe," mpaka leo watoto wanaigiza. Ngoma imeruhusiwa. Ndaga fijo, asante sana, bibi yangu.

Ila kuna neno. Anyosisye aliniuliza, "Kwa hiyo siku zote tulikuwa tunalilia kijiwe?" Jana hakuja ngomani. Nasikia alionekana kilabuni.

Mjukuu wako,
Tuntufye


Ikombe, 9 Julai 1911

Tuntufye,

Tulifika salama, ziwa lilitulia. Nauona mgongo wangu umekuwa mrefu kwa majivuno. Nimewaambia wote hapa Ikombe kwamba bandari nzima inacheza mkono wangu. Asiyetaka kusikia nimemsimulia mara ya pili.

Sasa sikiliza. Nilikuambia ni jasho. Halikuwa jasho. Ulikuwa mgongoni mwangu kwa sababu mama yako, Tusekile wangu, tulikuwa tumemzika juzi yake. Udongo ulishalowekwa, vyungu vilikuwa vinangojwa, na nyumba imejaa watu wa kunitazama. Sikuwa na mahali pa kulia ila pale nilipoinama. Watu waliona bibi anatoa kijiwe. Wewe mtoto wa mgongoni ulisikia vizuri kuliko wao wote, na umekaa nalo hilo miaka yote, ukawapa watu wasio na mama karibu. Nakuonea fahari, ila usinijie na kiburi.

Anyosisye si kijiwe. Huyo ni udongo uliokauka, na wa hivyo mimi huuloweka tena. Ukipokea barua hii usiisome mara mbili. Nenda kilabuni ukamtoe, hata kwa sikio, umwambie maneno haya yote, na jioni hiyo acheze mbele. Nawe mguu uinue juu zaidi. Pale barazani ulilegea, nilikuona.

Bibi yako,
Angetile