Jeneza Ulilonipimia

Mdogo wangu seremala,

Nina miaka themanini na miwili, nimeshazika wake wawili na madaktari watatu. Sasa nimeizika na fangasi ya mapafu iliyozishinda dawa zote. Daktari alinijaribia dawa mpya iliyotengenezwa kwa dhahabu. Akasema, "Mzee, hatuna uhakika." Nikamwambia mimi mhunzi, madini yananijua. Jana nimepumua bila mashine.

Siku ile ulipokuja na futikamba kunipima urefu ulidhani nimelala. Nilikuona. Nasikia jeneza limekamilika na karakana yangu umeshahamia. Toka. Jeneza usiliuze. Wewe mfupi, utaenea vizuri, na misumari nitapigilia mwenyewe.

Ukibisha, yupo nesi uliyemwomba akushikie ncha ya futikamba. Ulimwambia unanishonea suti.

Kaka yako, mzima