Tanga la Mbele Limegoma

Jumatano, 4 Juni

Jambo ambalo sijamwambia mtu: mwalimu akiuliza swali darasani, najibu kichwani kwa sauti ya shangazi. Jibu linatoka safi, halina woga. Halafu nanyamaza.

Leo upepo mkali ulitukuta baharini, kwenye boti ya shangazi. Shangazi, amekaa nyuma, akavuta kamba inayozungusha ngoma, kile kigurudumu kilichoko omoni, mbele kabisa ya boti, ili tanga la mbele lijiviringishe kwenye waya wake unaoshuka toka mlingotini. Lilifika nusu, likagoma! Akatambaa mpaka mbele na goti lake bovu, akalishusha kwa mikono, maji yakimpiga usoni. Na anacheka! Mimi nimeshika usukani.

Jioni baba akamwambia, dada, boti ya kukutambaza hivyo iuze. Shangazi hakubisha. Alisema tu, tanga lisipokunjika nikiwa nimekaa nyuma, nitauza.

Hakubisha! Yeye!

Alhamisi, 5 Juni

Fundi wa boti kaja. Tunamwita Grisi, maana kila ugonjwa anautibu kwa grisi. Kanikuta na kitabu: "We Maktaba, hebu funga dunia hiyo unishikie bisibisi."

Kafungua ngoma, kaosha chumvi, kapaka. Inazunguka kama feni. Tukapandisha tanga, tukavuta — limegoma palepale.

Grisi akataka kuongeza grisi. Shangazi: "Fundi, ukiendelea hivyo utaikaanga boti yangu."

Kisha akawaza kwa sauti, taratibu. Tanga likiwa chini, ngoma inazunguka. Likiwa juu, haizunguki. Basi ngoma haina kosa, tuangalie juu. Raha iliyoje kumsikiliza! Akakumbuka: fundi wa matanga alikata kitambaa kilichooza, tanga likafupika. Huenda henza, ile kamba ya kulipandishia, sasa inabaki ndefu kule juu na kujisokota kwenye waya.

Huenda. Lazima mtu apande aone.

Grisi akashika kitambi. "Mkinipandisha mimi, mlingoti ndio utashuka."

Wote wawili wakanitazama.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi shwari, boti imefungwa gatini. Baba amesimama pembeni, mikono kifuani. Wakanivuta juu nimekalia kibao chenye mikanda. Sikutazama chini. Nilikariri ngeli za nomino mpaka kileleni.

Shangazi akaanza kuvuta polepole. Tanga likajiviringisha, na mbele ya macho yangu henza ikaukumbatia waya. Mzunguko mmoja. Mwingine. Alikuwa sahihi kabisa! Halafu ikakaza. Kule chini, yeye akahisi tu ule ugumu wa siku zote, akavuta kwa nguvu. Waya ukalia. Uzi mmoja wa chuma ukachomoka, na waya huo ndio unaoshikilia mlingoti.

Nikasema kichwani kwanza, kwa sauti yake. Haikufika kwa mtu.

Basi nikapiga kelele kwa yangu: "Shangazi, acha! Legeza!"

Gati zima likageuka. Baba naye. Shangazi akalegeza, akainua uso, akasubiri.

Nikashika mlingoti kwa mkono mmoja, nikaanza kuwaeleza ninachokiona, kwa sauti kubwa, tangu mwanzo.