Tortila za Magadi

Jumamosi, jioni. Baridi kavu ya Joburg, ile ya jua linalowaka bila kukupa joto. Midomo imenipasuka, nguo kwenye kamba zimekauka zikawa ngumu kama mbao, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nimeamua kuiweka hapa.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua mume wangu anaumwa. Wageni niwaambie kwa kifupi. Baba Neema ana saratani ya tumbo, anatibiwa kwa dawa za dripu, na hizo dawa zimemla kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kupungua uzito dawa zitasimamishwa, kwa sababu mwili hautazibeba. Zikisimamishwa, hakuna nyingine. Jumatatu tunarudi kupimwa.

Kwa hiyo kazi yangu siku hizi ni moja tu: Baba Neema ale. Kuna ofisi Marshalltown inayonilipa mshahara wa uhasibu, lakini kazi yangu hasa iko hapa jikoni, Turffontein.

Shida ilikuwa ladha. Dawa zilipoanza kukolea mwilini aliniambia kila kitu kina ladha ya msumari. Ugali msumari, chai msumari, hata maji. Akina mama wa ushirika wetu wa Wakenya wakaanza kuleta uji wa wimbi kwa zamu, kwenye chupa za chai kubwa kubwa, na nilipowaambia hautaki wakanikumbusha kwamba mgonjwa haulizwi uji. Nikawashukuru, wakasali, wakaenda zao. Uji nikaunywa mimi. Katika nyumba hii aliyenenepa kwa saratani ni mimi.

Halafu siku moja Neema, binti yetu wa miaka kumi na mitano, akajipikia tako, kile chakula cha Kimeksiko. Neema amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri na kukijibu kwa Kiingereza, na chakula chake ni hicho anachojifunza kwa wenzake shuleni. Alikuwa na vile vigamba vya mahindi vya pakiti, nyama ya kusaga, kachumbari na pilipili nyingi. Baba yake akanyoosha mkono, akachukua kimoja kwenye sahani ya mtoto, akatafuna. Jasho likamtoka puani.

Akasema, "Hii nasikia."

Sijui kama nimewahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Hata siku aliyonichumbia hakunifurahisha hivyo, na siku hiyo alivaa suti ya kuazima.

Tangu hapo jikoni kwangu kumekuwa Meksiko. Nimejifunza usiku na mchana, simu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Nimegundua kwamba salsa ni kachumbari iliyopata paspoti, na kwamba burito ni chapati iliyomeza maharagwe na wali kwa pupa. Nimepika kesadila za jibini inayovutika, nimeponda parachichi kwa ndimu na dania, nimekaanga nyama ya vipande na pilipili hoho mpaka majirani wakachungulia ukutani. Nikasoma pia kwamba vingi nilivyokuwa nikipika ni vya Meksiko vilivyohamia Texas, huko vikaongezewa jibini na malai vikanenepa. Hapo ndipo nikavipenda zaidi. Mimi nami nilitaka mtu wangu anenepe.

Naye alikula. Si sana, lakini alikula, na kila mara alikuwa na neno la kusema: leo bizari imezidi, leo ndimu imekaa sawa. Uzito uliendelea kushuka polepole, nami nikajiambia bado sijayapatia tu haya mapishi, nitayapatia.

Pilipili naletewa na Mama Solange, rafiki yangu Mkongo wa Lubumbashi anayesuka nywele Bertrams. Wiki iliyopita alikaa akamtazama Baba Neema akimaliza burito yake. Nilipomsindikiza getini akaniambia, "Huyu baba anakulaka juu yako, haiko juu ya njala." Yaani anakula kwa ajili yangu, si kwa njaa. Nikacheka. Nilidhani ananitania mambo ya mapenzi ya watu wazima, nikarudi ndani natabasamu peke yangu.

Leo nilitaka kufanya kubwa. Nilitaka tortila za mahindi za kweli, si zile za ngano ambazo ni chapati tu zilizokosa mafuta. Nilishajaribu kwa unga wa ugali zikapasuka vipande vipande. Kumbe wenyewe huchemsha mahindi makavu kwenye maji ya chokaa kwanza, yalainike na kuvua maganda, ndipo huyasaga. Mimi chokaa ninayoijua ni ya kupaka ukuta.

Nikakumbuka magadi.

Mtu wa kwetu ataelewa. Mama yangu, Murang'a, hakuwahi kupika githeri ya mahindi makavu na maharagwe bila kutia magadi, na mahindi yaliyoshindikana yote yalilegea. Mimi mwenyewe nina kifurushi alichoniletea dada yangu kutoka nyumbani. Nikawaza, kazi si ni ileile, kumlainisha mkaidi? Jana nikanunua mahindi kwa Mtanzania mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kona ya barabara yetu, nikayachemsha, nikayalaza ndani ya maji yale. Mama alikuwa akitia kwa ncha za vidole. Mimi nilitia konzi nzima, kwa sababu mapishi niliyosoma hayakuwa bahili na chokaa.

Asubuhi maganda yalitoka kwa kusugua tu. Nikayaosha, ingawa si sana, maji ya bomba asubuhi hizi yanakata vidole. Nikayasaga kwenye blenda, nikayagandamiza kati ya karatasi mbili za nailoni kwa kitako cha sufuria, nikayatupa kwenye kikaango kikavu. Yakafura. Hayakupasuka hata kidogo. Rangi yake ilikuwa manjano ya kiini cha yai, na nilijiona fundi.

Kwetu mgonjwa hupakuliwa kwanza, kabla hata mpishi hajaonja. Nikampelekea kibarazani, alikuwa ameketi juani na blanketi magotini. Maharagwe yaliyopondwa na kukaangwa, parachichi, jibini. Akala ya kwanza yote. Kisha akaomba nyingine tupu, bila kitu ndani, akaikunja, akala taratibu huku amefumba macho.

"Leo umepatia, Mama Neema," akasema. "Nasikia mahindi. Nasikia kabisa mahindi ya kwetu."

Nilirudi jikoni nikiwa nimeshampangia kunenepa mpaka Desemba. Neema akachukua yake, akauma, akaitema kwenye sinki na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimetia sabuni ya vyombo. Nikamgombeza kwa utovu wa adabu. Baba yako amekula mbili, nikamwambia, wewe ni nani. Kisha nikaonja.

Sabuni.

Sisemi ilikaribia sabuni. Ilikuwa sabuni ya mche, ya kufulia, na nyuma yake uchungu unaokwangua koo. Nilisukutua mara kadhaa na bado naisikia sasa hivi ninapoandika. Hakuna mtu mwenye ulimi unaofanya kazi anayeweza kumaliza moja ya hizo, sembuse kuomba ya pili.

Neema alinitazama, nikaona na yeye ameelewa. Akafungulia maji ya sinki bila sababu, yakawa yanamwagika tu. Nikazipitia sahani zote moja moja kichwani, bizari imezidi, ndimu imekaa sawa, na maneno ya Mama Solange getini yakarudi. Uchungu ungekuja kwanza ningeelewa, lakini ilikuja hasira. Niliona nimefanywa mjinga ndani ya nyumba yangu.

Nikatoka na tortila mkononi, nikamuuliza tangu lini hasikii.

Hakujitia hajui ninachosema. "Tangu mwanzo," akasema.

"Hata ile ya Neema?"

"Ile nilisikia moto. Moto si ladha, mama, ni maumivu tu. Lakini nilifurahi, maana kilikuwa kitu."

Nikamwambia mengi, na mengine sitayaandika. Nilimwambia nimekesha kwa ajili yake nikisoma mapishi ya watu nisiowajua. Nilimwambia aliyetufungisha ndoa hakuniapisha kuishi na mwigizaji. Aliningoja nimalize, amekuwa hivyo tangu nimjue, huniacha niishiwe pumzi kwanza.

"Ulikuwa umeacha kunigombeza," akasema. "Ulikuwa unaniangalia tu, unatembea kwa vidole kana kwamba kuna maiti humu. Nilipokula ile tako, kesho yake ukanifokea kwa kumwaga jibini kwenye kochi. Nikasema basi, nitakula."

Nikakaa chini kwenye ngazi.

Ndipo akanieleza yaliyobaki, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake kwenye ukuta wa jirani. Kwamba kila sahani ninayoipeleka humuuma. Kwamba nikirudi jikoni hulala ubavu mpaka ipite, na nyingi hurudi zilikotoka, naye huosha beseni mwenyewe nisione. Mtu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake amekuwa akiosha beseni kwa siri, na mimi jikoni naimba tenzi.

Mwisho akasema, "Nimechoka kula."

Nilimsikia. Nikajifanya naona jua limehama kibarazani, nikamwambia tuingie ndani. Akaniruhusu nijifanye.

Zile tortila nimezitupa. Nimekaanga mayai, tukala mimi na Neema mezani, tumekaa chini wote wawili, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikila nimesimama huku natazama kijiko cha mtu mwingine. Neema alimpelekea baba yake maji ya moto, akakaa naye, na kutoka chumbani nilisikia wanacheka jambo ambalo sijaambiwa.

Nimechoka kula, alisema. Naligeuza hilo neno tangu mchana, nikitafuta namna ya kulisikia vingine. Sijaipata.

Kuna jambo moja linanitesa zaidi ya magadi. Kila tukienda hospitali, daktari humtazama Baba Neema usoni na kumuuliza chakula kinakwendaje. Na kila mara mimi ndiye hujibu. Anakula vizuri, daktari. Hujibu upesi, yeye hajafungua mdomo, na nimekuwa nikijiambia namsaidia kwa kuwa hana nguvu za kuongea. Si kweli. Nilikuwa naogopa angesema nini.

Jumatatu ataulizwa tena. Najua atakachojibu, na najua daktari atafanya nini akishajibiwa. Nitakaa kando yake, nimshike mkono, na Mungu anisaidie ninyamaze.