Tundu la Kidole cha Baba

Ifakara, asubuhi, mvua imenyamaza kidogo

Dada Kabula,

Shikamoo. Nakusalimu kwa kupiga magoti, ingawa magoti yenyewe siku hizi yakishuka hayapandi bila kushauriana kwanza. Na mwangaluka pia, kwa Kisukuma chetu, usije ukasema ndugu yako amekuwa mtu wa kusini. Habari za kifua chako? Habari za yule jogoo mwenye jicho moja, bado anakimbiza wageni wa heshima na kuwaacha wezi? Mimi ni mzima. Meno yamebaki manne, lakini yanajituma.

Dereva wa lori la mchele atakukabidhi barua hii pamoja na kitu kizito kilichofungwa ndani ya gunia, kamba ya katani, mafundo matatu. Usikifungue mpaka barua iishe. Najua umeshafungua fundo la kwanza. Basi liache hapo hapo. Na wewe mkwe wetu, mama Neema, unayemsomea, soma polepole, wala usiruke penye aibu yangu, maana leo ni nyingi.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo. Lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi, unaanza na habari za kuku unamaliza na habari za kuku. Halafu jambo hili limenishinda mdomoni miaka arobaini na kitu; nimeona nijaribu mkono. Siku ninaondoka kuja huku uliniambia mlangoni, “Luhende, watu wanasema Masanja alielekea kusini. Usirudi bila habari za ndugu yako.” Hukucheka, nami nilicheka kwa niaba yetu wote wawili.

Ngoja nikupitishe njia yenyewe.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Nina kibanda cha bati kando ya barabara iendayo Mlimba, na mvukuto, fuawe na tindo zangu. Wasukuma wenzetu waliohamia bonde hili wamekuja na maplau ya kwetu, na wenyeji nao wameyapenda. Taabu ni kwamba plau lililozoea mchanga wa kwetu likifika huku linachanganyikiwa. Udongo wa Kilombero hauna tabia moja. Hatua kumi ni mchanga wa mto, hatua tano mbele ni mfinyanzi mweusi unaonata kuliko ugali wa bibi harusi. Jembe la plau likizama mno, maksai wanapiga magoti. Likielea, linakwangua nyasi kama kinyozi mlevi.

Ndipo nikabuni bawa. Ni kipande cha springi ya gari, ninakifunga kwa bolti ubavuni mwa jembe la plau. Kina matundu manne. Ukitia bolti tundu la kwanza jembe linalamba juu juu, ukitia la nne linazama kabisa. Mkulima anahamisha bolti kwa kadiri ya udongo anaoukuta, hahitaji kununua plau jingine. Watu wamelipenda hadi vijiji vya Mbingu na Malinyi. Wananiambia, “Mzee Luhende, una akili wewe!” Nami nimekuwa nikiitikia tu.

Matundu nayapima kama baba alivyotufundisha. Naweka kiganja juu ya chuma, nachora kwa mkaa palipo gumba, palipo kidole cha shahada, palipo cha kati, halafu naruka hadi cha mwisho. Unakumbuka kidole cha pete cha baba kilikwenda na nyundo. Chake hakikuwepo, dada. Changu kipo, kizima, kina hata kucha. Lakini nikipima ninakikunja. Mteja mmoja aliniuliza mbona nakikunja, nikamwambia kinaogopa moto.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa msimu huu alinijia mama mmoja Mndamba, mama Adelina, mkulima wa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Mume wake yuko Malinyi na nyavu zake, shamba ni la yeye na maksai wake wawili. Akasema, “Mzee, jembe langu lina wazimu. Njoo na hilo bawa lako, tulime kabla maji hayajalichukua shamba.” Nikavuka.

Tulianza mapema, ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga, huoni mbele kuliko mikia ya maksai. Mama Adelina mbele na kamba, mimi nyuma na mishikio. Nikatia bolti tundu la tatu, jembe likaelea. Nikatia la nne, likazama mpaka maksai wakanigeukia kwa dharau. Mama Adelina akapaza sauti, “Mzee, wewe na hilo plau mnalima au mnabembelezana?”

Tulipofika katikati ya shamba, maksai wakasimama. Si kwa uchovu. Walisimama kama watu waliokutana na mtu njiani. Masikio yote manne yakageukia kulia. Kisha ukapigwa mluzi, mfupi, mfupi, halafu mrefu unaoshuka. Wakainamisha vichwa.

Nikauliza, “Mama, umepiga mluzi?”

“Mimi? Mtu mzima nipige mluzi shambani?”

“Basi nani?”

“Hapo ng'ombe husalimiwa,” akasema, kama mtu anayekuonyesha dimbwi ulikwepe. “Waache waitikie, watakwenda.”

“Wanasalimiwa na nani?”

“Na Mgeni. Shika plau, mzee, jua linatuacha.”

Nikacheka. Unanijua, nikiogopa nacheka. Maksai wakaondoka wenyewe. Mwisho wa mfereji nikapindua plau nikwangue tope, nikaona kwenye bawa alama ndogo, kati ya tundu la tatu na la nne. Kidoti, kama mtu ameweka tindo akagonga mara moja. Nikasema ni jiwe. Lakini, dada, katika udongo ule hupati jiwe hata la kumtupia mbwa.

Jioni nililifungua bawa nikaondoka nalo kwenye mkoba wangu, asije mtu kunifanyia utani. Kesho yake nililifunga mwenyewe, nikalitazama. Kidoti ni kile kile. Tukalima. Pale pale katikati maksai wakasimama, mluzi ukaja, wakaitikia. Nikapindua plau hapo hapo. Kidoti kimekuwa shimo. Ncha ya kidole inaingia.

“Mama Adelina, njoo utazame chuma hiki.”

Akaja, akatazama, akafuta tope kwa kanga. “Anakuonyesha kitu,” akasema.

“Mimi ndiye fundi hapa, mama. Nionyeshwe nini?”

“Ndiyo maana unaonyeshwa taratibu.”

Siku ya tatu sikutaka ukungu. Nikamwambia tuanze jua likiwa juu. Saa sita, dada, jua la utosi, huna hata kivuli cha kujificha, shamba liko wazi mpaka kwenye matete ya mto. Hakuna mtu. Hakuna ndege. Tukafika pale, maksai wakasimama, na mluzi ukapigwa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba shingo yangu iliusikia kabla ya masikio. Safari hii niliusikiliza mpaka mwisho. Mwishoni unakatika, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Unamjua nani aliyepiga mluzi unaokatika mwishoni? Jino lake la mbele alilivunja kwa kuuma msumari, nawe ulimpa maji ya chumvi asukutue siku tatu.

Nikakaa chini kwenye tope. Mama Adelina akadhani jua limenipiga, akaniletea maji. Nikamwambia, “Nieleze huyo Mgeni, tangu mwanzo.”

Akaeleza akiwa amesimama, kamba mkononi. Yeye alikuwa bado binti mdogo. Kijana alikuja kwa miguu, na maksai wawili na plau. Wakati ule watu wa pale walilima kwa jembe la mkono, plau walilisikia tu. Akamlimia baba yake mama Adelina shamba lile, kisha la jirani. Jina hakuwapa. Akiulizwa alisema, “Mimi mtoto wa fundi,” akacheka. Akipiga mluzi, maksai wanakuja kama mbwa. Kabla mpunga haujaiva akashikwa na homa, siku mbili tu. Baba yake mama Adelina akamzika pale alipoishia kulima. Hawakujua ni wa dini gani, hawakujua waandike nini, basi wakachomoa chuma kwenye plau lake wakakisimika kichwani pake. Mafuriko ya kila mwaka yakakishusha, tuta la kaburi likalala, maplau yakapita juu.

“Sisi hatukumsumbua,” akasema. “Naye hajatusumbua. Anasalimia tu ng'ombe.”

Nikatia mkono kwenye tope pale ulipotoka mluzi. Sikuchimba, dada, usinifikirie vibaya. Niliingiza mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Udongo ule huwa wa moto saa sita. Pale ulikuwa wa baridi, kama tumbo la mtungi. Na chuma kilikuwa kinaningoja kimesimama wima. Nilipokivuta kilikuja chepesi, bila kung'ang'ania, kama unavyopokezwa kitu.

Nikakiosha mferejini. Kilikuwa bawa. Bawa langu, nililolibuni mimi, mwenye akili wa Ifakara! Limeliwa na kutu, lakini ni lile lile. Nikaweka kiganja. Gumba likaona tundu lake, cha shahada kikaona lake, cha kati kikaona lake, cha mwisho kikaona lake. Na kidole changu cha pete, ambacho sikumbuki kukikunjua, kilikuwa kimeshaingia kwenye tundu la ziada, kati ya la cha kati na la cha mwisho, pale baba alipokuwa na pengo.

Sasa ndiyo aibu yenyewe. Mama Neema, vuta pumzi.

Wewe miaka yote unaamini Masanja aliondoka kutafuta maisha. Hapana. Mwaka ule baada ya kumzika baba, Masanja alitengeneza bawa. Yeye ndiye. Mimi nilikuwa navuta mvukuto. Akaniambia, “Kaka, vipimo vya baba vina pengo, na kazi nzuri ya plau iko hapo hapo penye pengo. Tutoboe tundu.” Nilijua anasema kweli. Kwa kuwa nilijua, nikaona wivu. Wateja walikuwa wamejaa, nikasema kwa sauti, “Jamani, njooni muone! Masanja anamwotesha marehemu kidole!” Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Masanja alifuta mikono kwenye suruali, akanitazama kwa muda wa mtu kumeza mate, na alfajiri plau halikuwepo, wala maksai, wala yeye.

Nawe ukaniuliza, “Mlikosana?” Nikasema, “Hata kidogo.”

Tangu hapo kila mavuno unamtengea michembe ya viazi vikavu kwenye kibuyu chake, hutaki mtu akiguse. Nami nimekula chakula chako mbele ya kibuyu kile.

Nilirudi kibandani kwangu, nikatia bawa langu motoni, nikatoboa pale palipokuwa na shimo. Sikupima. Lilikuwa limeshapimwa. Kesho yake tukafunga bolti kwenye tundu hilo na jembe likaingia ardhini kama kisu kwenye papai, halielei, halizami, kwenye mchanga na kwenye mfinyanzi. Mama Adelina akaongeza mwendo.

Tulipofika katikati, maksai wakasimama. Masikio kulia. Wakangoja. Nami nikangoja. Mluzi haukuja. Hata matete hayakutikisika. Wakaendelea kungoja, na mama Adelina akanigeukia.

“Wasalimie wewe,” akasema. “Wamezoea.”

“Kwa meno manne?”

“Wao hawayahesabu.”

Nikajaribu. Ulitoka upepo mtupu, kisha mluzi mwembamba, mfupi, mfupi, mrefu. Mwishoni ukakatika. Sikuukata mimi, dada. Maksai wakainamisha vichwa, wakaenda.

Siku hizi nimezungushia mahali pale mawe, niliyabeba kwa baiskeli kutoka Lupiro mwendo wa safari sita, na mama Adelina ameapa plau halitapita tena juu yake. Padri alipita akapaombea bila kuuliza dini. Wakulima wakiniuliza nani alibuni bawa lenye matundu matano, nasema ni Masanja mtoto wa fundi. Wengine wananiuliza yuko wapi wakampe kazi. Nawaambia amepumzika, ila kazi bado anaikagua.

Nisalimie mkwe anayesoma, na alilipe koo lake kwa uji. Nisalimie shemeji yetu muuza chumvi, umwambie bado simpendi, lakini nimemkumbuka. Nisalimie mjukuu wako mwalimu, aisahihishe barua hii mahali pengine, si penye jina la Masanja. Mwambie jirani mganga kwamba huku kuna wanaojua zaidi yake, na wanalima.

Sasa fungua mafundo mawili yaliyobaki. Usimwage machozi juu ya chuma, kina kutu ya kutosha. Tundu la nne kutoka juu ndilo lake. Weka kidole chako cha pete humo, ukae kidogo. Ukimaliza, michembe ya kibuyu wape watoto.

Uliniambia nisirudi bila habari zake. Nimezitanguliza. Kama baada ya kusomewa haya bado una ndugu anayeitwa Luhende, mwambie dereva neno moja tu, “aje”. Na kama huna, mrudishie dereva gunia tupu, nitaelewa. Njia ya lori naijua, nitakuwa nimeketi kando yake siku ya kurudi, nimekikunjua kidole.

Mdogo wako wa pekee aliyebaki,
Luhende