Ufunguo wa Safari ya Bi Trela

Mshauri wetu mpendwa,

Nimebeba mzigo ambao siwezi kuutua mbele ya watu wanaonifahamu, basi nimeona niulete kwako, nikikuomba unisaidie, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka. Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, na kila Jumatano ndimi mnenaji katika ibada ya kina mama, na nasema bila majivuno kwamba nikisimama kunena ukumbi hutulia, hata watoto wachanga huonekana kama wanaosikiliza. Somo lililonipatia sifa kuliko yote ni lile la Mungu aliye mchungaji wetu, kwamba hutangulia mbele yetu njiani, kwamba humjua kila mmoja kwa sauti yake, kwamba hata anayechechemea nyuma kabisa hajaachwa. Mara ya mwisho nilipolitoa, mama mmoja muuza maziwa alinishika mkono mlangoni akaniambia, “Mwalimu, leo moyo wangu umejilaza chali.”

Sasa sikia jinsi mwenye somo anavyoliishi.

Nina binti mmoja tu, na huyo binti ni dereva wa lori. Si gari dogo la kusambaza mikate, mshauri. Ni lori lenye trela, lenye magurudumu ambayo nikisimama kando yake hunifika kifuani. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa chini ya meza yangu ya cherehani, akisukuma kanyagio kwa mikono yake huku mimi nikimwambia, “Taratibu, mwanangu, kitambaa hakikimbizwi,” na leo anawaambia wenzake kwenye yadi ya malori kwamba klachi alijifunza kwa mama yake. Siku ya mtihani wake wa mwisho aliliingiza trela kinyumenyume kwenye lango jembamba, kwa mkupuo mmoja, bila kugusa nguzo, na madereva waliokuwa wamejipanga ukutani wakingoja kumcheka walijikuta wanapiga makofi, na mkongwe wao, wanayemwita Babu Breki, alivua kofia akasema, “Jamani, kuanzia leo huyu ni Bi Trela. Anayebisha na alete lake tumwone.” Jina likamganda. Nilikuwepo, mshauri. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, na kesho yake darasani nilifundisha kwa ishara.

Pale yadini kwao kuna utaratibu wao. Dereva anayekwenda safari yake ya kwanza ya mbali hapewi ufunguo na msimamizi. Hupewa na mtu wa kwao, mbele ya madereva wote, na mtu huyo husema maneno machache ya kumtakia heri. Msimamizi anaeleza kwamba aliuanzisha ili dereva akumbuke barabarani kuwa yupo aliyemtuma na yupo anayemngoja. Ni jambo zuri, na lau ningelisikia likitendeka kwa wengine ningelitolea mfano katika somo. Binti yangu alinichagua mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimekwisha kuvaa gauni langu la ibada, na nilipoinama kufunga kiatu, mdomo wangu ukasema wenyewe, “Mgongo!” Mgongo wangu haukuwa na neno. Binti yangu, akiwa ndani ya ovaroli niliyomshonea kwa mikono yangu na kumwachia pindo refu kana kwamba bado anakua, alipiga magoti, akanivua viatu, akanikanda, kisha akampigia msimamizi simu: “Mzee, samahani sana, mama hawezi kusimama.” Safari ile akapewa mwingine. Mara ya pili ikawa kizunguzungu, na safari ile nayo ikapita hivyo hivyo, na akanunua mkongojo, mshauri, akauegemeza mlangoni kwangu, na kila nikipita unanitazama.

Mume wangu ni fundi saa, mtu wa maneno machache na macho yaliyozoea vitu vidogo. Aliniona nikielekea jikoni upesi upesi bila mkongojo, akaufuata, akaniletea kwa heshima zote. “Mwalimu, umesahau ugonjwa wako sebuleni.” Nikamwambia asinidhihaki, kwani mimi mtoto huyu nimemkabidhi Mungu tangu akiwa tumboni. Akacheka kwa pua. “Umempa Mungu mzigo, mke wangu, lakini kamba umeishika wewe.” Nikamsihi basi aende yeye akautoe huo ufunguo, naye alikuwa tayari, lakini binti akakataa katakata: “Baba, nakupenda, ila ufunguo ni wa Mama. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba mchungaji hutangulia. Nataka nikifika kwenye ule mteremko mrefu wa safari hiyo niwe nayasikia maneno yake.” Ananinukulia somo langu mwenyewe, mshauri! Nilijifanya kukohoa, na wote wawili wakaniletea maji.

Naogopa huo mteremko, naogopa ukungu wake, naogopa madereva wanaosinzia, naogopa simu inayoita kwa namba nisiyoijua. Mtoto huyu alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba vazi lake la kwanza nilimkatia kutoka kwenye mkono wa blauzi yangu, na nilikuwa nikimwekea kiganja kifuani ili nijue kama anapumua, na nadhani, mshauri, kiganja kile sijakiondoa mpaka leo. Nusu yangu inataka kupanda juu ya paa na kuutangazia mji mzima kwamba dereva yule nimemzaa mimi. Nusu nyingine inataka kuondoa matairi.

Sasa msimamizi amesema Jumamosi hii ni ya mwisho. Alisema kwa upole, lakini alisema: “Bi Trela, mzigo wa watu hauwezi kungoja mgongo wa mama. Usipoondoka Jumamosi, nitakuweka hapa hapa yadini uwe unasogeza matrela, na nafasi nyingine ya mbali sijui itatokea lini.” Binti yangu hakulalamika. Alirudi nyumbani akaniuliza kama nimekunywa dawa, akanifunika miguu, akasema, “Barabara haikimbii, Mama. Wewe upone kwanza.” Afadhali angenitukana.

Je, niendelee kuugua mpaka hiyo Jumamosi ipite, awe yadini, awe karibu, awe salama? Na nikienda, nimwambie kwamba ugonjwa ulikuwa wa mdomoni tu, au nipone kimya kimya tuseme ni muujiza? Kina mama wa Jumatano wangeuamini muujiza huo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Na mtu anayeogopa kiasi hiki, ana haki gani tena ya kusimama mbele ya watu na kunena habari za mchungaji?

Ni mimi,
Mama wa Bi Trela

*

Mama wa Bi Trela,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu mama aliyemlea mtoto kutoka kwenye mkono wa blauzi mpaka kwenye usukani wa trela hastahili kusomwa na mtu aliyeketi. Hongera. Ipokee hongera hiyo kwa mikono miwili na uiweke mahali pazuri, maana ninachokuletea baada yake ni fimbo.

Acha kuugua. Leo hii.

Sikulaumu kwa kuogopa. Anayependa ana cha kupoteza, na mwenye cha kupoteza huogopa. Hakuna kondoo aliyewahi kufukuzwa kundini kwa sababu alitetemeka. Lakini wewe hukuishia kutetemeka, dada yangu. Uliichukua hofu yako ukaivisha mgongo, binti yako akapiga magoti kuukanda uongo, na kwa ajili ya uongo huo akazikosa safari alizozitolea jasho. La kutubia ni hilo. Hofu yenyewe iache, itakwenda nawe yadini Jumamosi, na itabidi izoee kukaa kiti cha nyuma.

Unasema Mungu ni mchungaji, na unalisema vizuri kuliko wengi wetu. Basi nikuulize, Mwalimu, mchungaji hulilisha kundi wapi? Zizini hakuna majani. Zizi ni la kulala tu. Malisho yako nje, ng’ambo ya mteremko, na ndiyo sababu mchungaji wa kweli ana vumbi miguuni. Wewe ulitaka mchungaji wa kukaa sebuleni kwako na kulinda mlango. Huyo angekuwa komeo, na nyumbani kwenu komeo lipo tayari, limeegemea mkongojo.

Wala sitakudanganya kwamba barabara itakuwa laini kwa sababu anayepita ni mtoto wa mnenaji. Watu wema wamepatwa na mabaya njiani, na waliowaombea walikuwa wameomba kweli. Kumtegemea Mungu si kuhakikishiwa kwamba bonde halipo. Ni kujua kwamba bondeni binti yako hayuko peke yake, na kwamba wewe unayebaki nyumbani ukitazama simu hujaachwa peke yako pia. Na kwa kuwa imani haichukui nafasi ya breki, muulize binti yako jinsi anavyolikagua lori lake kabla ya kuondoka. Keti umsikilize akikueleza. Nakuahidi utasikia sauti ya mtu aliyefundishwa kwamba kitambaa hakikimbizwi, na utajua ameitoa wapi.

Kuna jambo moja katika barua yako umeliandika ukapita, mimi nikasimama hapo hapo. Ulimwachia pindo refu kwenye ovaroli. Umefundisha wangapi kuacha kitambaa cha akiba ndani ya pindo la sare ya mtoto, ili siku akirefuka lifumuliwe na gauni lishuke? Sijaona mshonaji anayelia akifumua pindo. Hufurahi, kwa kuwa siku hiyo aliitarajia tangu aliposhika mkasi. Miaka yote hii ulikuwa unamwachia binti yako kitambaa: ulimwacha asukume kanyagio, ulimwacha ajifunze kazi ambayo wengine waliikunjia uso, ulimpigia vigelegele mpaka sauti ikakukauka. Sasa amerefuka kama ulivyokusudia, nawe unamwambia avae fupi? Fumua, Mwalimu.

Utafanya hivi. Leo kabla ya chakula, fundi saa akiwepo, mwambie binti yako: sikuumwa, niliogopa, nisamehe. Ishia hapo. Usitoe somo. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Amekwisha kukukanda vya kutosha. Akikasirika, mwache akasirike, na usimkumbushe uchungu wa kuzaa. Lile wazo la muujiza lipeleke jalalani, kwa maana Mungu hahitaji uongo wetu ili atukuzwe. Mkongojo mpe mtu ambaye miguu yake kweli inauhitaji. Kisha umpigie msimamizi wewe mwenyewe, si binti, umweleze aliyechelewesha zile safari ni nani, ili jina la dereva wake libaki safi kama lilivyo.

Jumamosi vaa gauni lile lile la ibada, na viatu uvifunge mapema. Madereva watakuwa wamejipanga, Babu Breki atakuwa na kofia yake, na wewe uliyenena mbele ya kumbi zilizojaa utahitaji maneno mawili matatu tu. Ukimkabidhi ufunguo usimhesabie hatari, anazijua kukuzidi. Mwambie unamjivunia. Mwambie kwamba Yule aliyempa pumzi chini ya kiganja chako ndiye atakayekuwa mbele yake mteremkoni. Halafu nyamaza, jambo ambalo najua ni gumu kwa watu wa kazi yetu. Na akishaondoka usimpigie simu akiwa barabarani. Atakupigia yeye akishaegesha.

Kuhusu Jumatano, nenda ukanene. Mnenaji asiyewahi kuogopa atawaambia nini wanaoogopa? Ila safari hii, binti akiridhia, wasimulie habari za mgongo wako. Watacheka, na muuza maziwa atacheka kuliko wote. Kisha kila mmoja atakumbuka mlango wake alioutilia komeo na kusema kwamba Mungu ndiye aliyeufunga.

Limebaki moja. Lori likianza kutoka langoni, mikono yako itatafuta cha kushika. Usishike mlango wa lori, usishike nguzo, usimrarue fundi saa shati. Kile kiganja ulichokiweka kifuani pake akiwa mchanga kiinue juu, kiwe wazi, akione kwenye kioo cha pembeni. Mkono ulioshika ufunguo haupungi.