Soketi Inayopata Joto

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Kimamba tunapumua tu. Mahindi ya mjomba wako yamekauka, na mguu wangu bado unauma.

Umeniuliza kama ni kawaida soketi ya chumbani kwako kupata joto na kunuka plastiki iliyoungua. Si kawaida. Usiiguse, zima swichi kuu, umwite fundi umeme leo hii.

Nilipokuwa msichana nilipiga pasi mashuka katika gesti moja ya Mikumi, pamoja na rafiki yangu Zaina. Soketi yetu ilikuwa imelegea, imepata weusi kwenye matundu, na siku moja ikatoa cheche.

"Tukamwambie bosi," Zaina akasema.

"Tumalizie kwanza haya mawili," nikamjibu.

Tukamaliza. Zaina akaenda kuchomoa pasi, mikono yake ikiwa imelowa maji ya kunyunyizia mashuka. Soketi ikang'oka ukutani pamoja na plagi, akagusa waya. Hakuamka tena.

Msibani mama yake aliniuliza kama tulikuwa tumeona dalili yoyote. Nilisema hapana. Mama huyo naye alifariki akiamini hivyo, na sasa sina wa kumwomba radhi.

Bibi yako